Kupangua gia kwa kisigino na vidole kwenye gari ya manyuo: jinsi ya kujifunza bila kuua klachi

Watu wengi wakianza kujifunza hii staili akili yote inaenda kwenye resi (mizunguko ya injini kwa dakika), wanataka wasikie injini inalia kabla ya kona, na hapo ndo wanapopotea. Mguu wa kulia unakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja lakini hizo kazi hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ni breki, na breki haitakiwi hata kujua kwamba kuna kitu kingine kinaendelea pembeni yake. Ya pili ni kuchapa mafuta kidogo ili resi zipande. Ukikosea ya pili gari itashtuka kidogo, basi, maisha yanaendelea. Ukikosea ya kwanza unaingia kona na mbio ambazo hukuzipanga, au unafunga breki ghafla na aliye nyuma yako anakuingia. Kwa hiyo karibu kila kitu ntakachosema hapa chini kinazunguka hapohapo, mguu ukae kwenye breki kwa uzito uleule mwanzo mpaka mwisho.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, iko hivi. Unakuja kwenye kona uko gia ya nne, unakanyaga breki kwa sehemu ya mbele ya mguu wa kulia, mguu wa kushoto unabonyeza klachi, mkono unarudisha gia ya tatu, na kabla hujaachia klachi ule mguu wa kulia ukiwa bado umekanyaga breki unagusa mafuta kwa kisigino au kwa ubavu wake wa nje, resi zinapanda, unaachia klachi, gari inaingia gia ya tatu kimya kimya bila kunesa. Breki, klachi, gia, mafuta, klachi, vyote vinaisha kwa muda mfupi sana, karibu wa kutamka sentensi fupi.

KWANINI RESI ZIPANDISHWE

Hii sehemu usiiruke, ukiielewa mguu unajifunza haraka zaidi. Injini na matairi vimefungwa pamoja kupitia giaboksi, kwa hiyo kwa mwendo uleule wa gari kila gia ina resi zake, na gia ndogo inataka resi kubwa zaidi. Chukua mfano wa Mazda MX-5 ile ya kwanza kabisa iliyotoka 1989, giaboksi yake ya gia 5 ina uwiano (injini inazunguka mara ngapi shafti ya kutokea ikizunguka mara moja) wa 1.888 kwenye gia ya pili, 1.330 ya tatu na 1.000 ya nne. Ukiwa gia ya nne kwenye resi 3,000, hapo gari iko kama kilomita 75 kwa saa hivi, ukitaka kuingia ya tatu kwa mwendo huohuo injini inatakiwa izunguke 3,990, yani unazidisha 3,000 kwa 1.330. Ukiwa ya tatu kwenye 3,000 ukataka ya pili unahitaji kama 4,260. Na ukitoka ya pili kwenda ya kwanza, ambayo uwiano wake ni 3.136, resi zinaruka mpaka karibu 5,000. Unaona pengo linavyozidi kukua kadri unavyoshuka, ndo maana mazoezi yanaanzia nne kwenda tatu na sio tatu kwenda pili.

Sasa ukibonyeza klachi injini inakuwa huru, na kama hujagusa mafuta resi zinaporomoka kuelekea sailensa, yani zile resi za chini za injini isiyokanyagwa mafuta. Ukiachia klachi hapo, injini iko chini kwenye 1,500 na giaboksi inataka karibu 4,000, lazima kitu kivute kitu. Ni kama mtu anayedandia basi linalotembea, akikimbia kwanza sambamba nalo anaingia vizuri, akisimama wima akashika mlango linamburuza. Matairi ndo yanaiburuza injini mpaka ifike 4,000, na nguvu ya kuiburuza inatoka kwenye mwendo wa gari, kwa hiyo unapata breki ya ziada ambayo hukuiomba, tena kwenye matairi yanayoendeshwa tu. Gari ya kusukuma kwa nyuma hapo inakuwa hatari zaidi, kwa sababu ukiwa kwenye breki uzito wote umelalia mbele na matairi ya nyuma yamekuwa mepesi, ukiachia klachi kizembe nyuma inaweza kujifunga na kuteleza, na kama umeshaanza kukata usukani gari inazunguka. Gari ya kuvuta kwa mbele inakuwa na usumbufu tofauti, matairi ya mbele yanabebeshwa breki, usukani na injini kwa pamoja, inakataa kukata kona inanyooka tu.

Kuna watu wanasema mbona gari za siku hizi zina sinkromeshi, haina haja. Sinkromeshi ni kitu kizuri, Cadillac waliileta mwaka 1928 na ikawaokoa madereva na ile kelele ya gia kusagana, lakini kazi yake inaishia ndani ya giaboksi. Inalinganisha shafti ya kuingilia na ile gia unayoitaka ili mkono wa gia uingie laini. Injini iko upande wa pili wa klachi, haiguswi. Gia itaingia bila shida na bado ukiachia klachi gari itashtuka kama hujalinganisha resi.

MKAO, VIATU NA PEDELI

Kaa karibu kiasi kwamba ukikanyaga klachi mpaka chini kabisa goti la kushoto linabaki limekunjika kidogo. Ukikaa mbali unaanza kunyoosha vidole kutafuta pedeli na hapo kisigino hakiwezi kufika popote. Mkeka wa sakafuni uwe umeshikiliwa, usiwe ule unaoteleza mbele ukajikunja chini ya pedeli ya mafuta, hili naomba ulichukulie kwa uzito wake kwa sababu pedeli ya mafuta ikinasa wakati uko kwenye breki hakuna ufundi utakaokusaidia. Viatu viwe vya soli nyembamba na visiwe vipana, raba za kawaida zisizo na sponji nene zinafaa. Kandambili hapana. Buti kubwa hapana pia, utakuwa unagusa pedeli mbili bila kujua. Sio lazima viatu vya mashindano, kuna ile video maarufu ya Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, akiendesha Honda NSX pale uwanja wa mbio wa Suzuka kule Japani kamera ikiwa imeelekezwa miguuni, kavaa viatu vya kutokea tu na soksi nyeupe na miguu inacheza vizuri ajabu.

Haijalishi usukani uko kulia au kushoto, mpangilio wa pedeli ni uleule, klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Kinachobadilika ni mkono gani unashika gia.

Sasa njoo kwenye mguu wenyewe, na hapa ndo pa kutulia. Watu wanadhani ni kisigino kwenye mafuta na vidole kwenye breki kwa sababu ndivyo jina linavyosema, na kweli kwenye gari za zamani ambazo pedeli ya mafuta imetokea sakafuni na iko mbali, unalazimika kuugeuza mguu mzima hivyo. Gari nyingi za sasa pedeli ziko karibu karibu, na njia rahisi ni kulalisha mguu. Unaweka ile sehemu nene ya unyayo iliyo chini ya kidole gumba kwenye nusu ya kulia ya pedeli ya breki, sio katikati yake, kulia, mpaka ubavu wa nje wa mguu uwe unaning'inia juu ya pedeli ya mafuta. Kisha kuchapa mafuta hushushi mguu, unauzungusha kifundo kuelekea kulia ili ubavu wa nje chini ya kidole kidogo uguse mafuta. Uzito wote bado umekaa chini ya kidole gumba. Jaribu hapo ulipokaa, weka mguu sakafuni ukandamize upande wa kidole gumba alafu bila kuuinua lalisha upande wa nje kidogo, utahisi misuli ya pembeni ya mguu chini ya goti inafanya kazi. Huo ndo mchezo mzima.

Kama mguu wako ni mdogo au pedeli zimeachana sana, njia ya kulalisha haitakubali, hapo unatumia vidole kwenye breki na kisigino unakizungusha kwenda kulia kukanyaga mafuta. Ni ngumu zaidi kushikilia breki ikiwa sawa kwa namna hii ila watu wanafanya na wanafanya vizuri. Mwili wako na gari yako ndo vinaamua, usikubali mtu akulazimishe njia yake.

Alafu kuna jambo moja linalowavunja moyo wengi bila sababu. Gari nyingi za barabarani pedeli ya breki inakaa juu kuliko ya mafuta. Ukikanyaga breki kidogo kidogo kama unakaribia taa, breki bado iko juu na mafuta yako chini kule, mguu haufiki, unaona kama huwezi. Ukikanyaga breki kwa nguvu pedeli inashuka mpaka inakaribia usawa wa mafuta na ghafla inakuwa rahisi. Hii staili imezaliwa kwenye breki nzito, kwenye breki nyepesi ni ngumu hata kwa fundi. Kwa hiyo usijipime kwenye foleni ukaona umeshindwa. Wapo wanaofunga kipande cha ziada kwenye pedeli ya mafuta kuiongezea upana au urefu, ni sawa, ila kifungwe na fundi anayeelewa na uhakikishe ukikanyaga breki mpaka mwisho wa nguvu zako mguu haugusi mafuta kwa bahati mbaya na hakuna kinachonasa.

ANZA GARI IKIWA IMESIMAMA

Washa injini, gia iko fri, handibreki imevutwa, na uwe sehemu ya wazi sio ndani ya gereji iliyofungwa maana moshi wa gari una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Kwanini injini iwe inawaka? Kwa sababu breki za gari nyingi zinasaidiwa na basta inayotumia mvuto wa hewa wa injini, ukizima injini ukakanyaga mara mbili tatu ule msaada unaisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na inakaa juu, mguu wako utajifunza urefu wa uongo.

Kanyaga breki kwa uzito kama ule wa kusimamisha gari kwa nguvu ya wastani, ushikilie. Sasa lalisha mguu uchape mafuta, resi zipande mpaka kama 2,500 zishuke. Usiangalie mshale, sikiliza tu. Umakini wako uweke kwenye breki, je pedeli imesogea? Ukihisi imezama zaidi wakati unachapa maana yake unakandamiza mguu mzima. Ukihisi imelegea maana yake unauondoa mguu kwenye breki kwenda kwenye mafuta. Rudia mpaka pedeli ya breki itulie kabisa huku injini inapanda na kushuka. Hii hatua inachosha, najua, mtu anataka kwenda barabarani, lakini ndo hatua inayotofautisha anayejua na anayeigiza, mimi ningekushauri uifanye siku kadhaa kabla hujagusa gia.

Kitu kingine cha kujifunza hapa ni ule mguso wenyewe. Uwe mfupi na wenye nguvu kidogo, chapa-achia, sio kubonyeza polepole. Injini zenye flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) nyepesi zinapanda haraka na kushuka haraka. Dizeli nyingi zinapanda kwa uvivu na mstari wao mwekundu, yani kikomo cha resi, uko chini, mara nyingi kwenye 4,500 hivi, kwa hiyo nafasi ya kucheza ni ndogo. Gari ambazo pedeli ya mafuta ni ya umeme haina waya wa chuma, nyingine zinachelewa kidogo kuitikia, unachapa na sauti inakuja baadaye, basi unajifunza kuwahi kuchapa.

ALAFU RESI PEKE YAKE, BILA BREKI

Sasa toka, barabara iwe wazi, kavu, haina watu. Uko gia ya nne mwendo wa kawaida, resi 2,500 hivi. Klachi chini, mkono wa gia unatoka nne unapita fri kwenda tatu, na wakati unapita fri mguu wa kulia unachapa mafuta kawaida tu, breki haiguswi, alafu klachi inaachiwa. Kama resi zimelingana hutahisi chochote, sauti tu ndo itabadilika. Kama hazikutosha gari itainama mbele na sauti ya injini itapanda yenyewe baada ya kuachia klachi. Kama zimezidi gari itajisukuma mbele kidogo. Sikio lako litajifunza kila gia inataka sauti gani, na hiyo ndo kazi ya hatua hii. Usihesabu namba ukiwa unaendesha, zile hesabu za juu ni za kukuelewesha tu.

Mtu akiishia hapa, kwa matumizi ya kila siku, mimi naona ameshapata kitu kikubwa. Kulinganisha resi bila breki kunatosha kabisa mjini, ukitaka kupita gari au kabla hujaanza mteremko. Na wakati nataja mteremko, gia ya kushukia chagua kabla hujaanza kushuka, usisubiri uko katikati breki zinanuka ndo uanze kupangua.

KUUNGANISHA

Hapa tafuta sehemu kubwa tupu uliyoruhusiwa kuitumia, au siku za wazi za uwanja wa mbio ambapo wote mnaenda upande mmoja. Sio barabara yenye watu, na sio wakati kuna mvua. Anza nne kwenda tatu, kwenye mstari ulionyooka, usiweke kona bado.

Ngoja nikuonyeshe moja kwa polepole. Uko gia ya nne, kilomita 75, mshale uko 3,000. Unaachia mafuta, mguu unahamia kwenye breki ukiwa umeshakaa mkao wake upande wa kulia wa pedeli, unakanyaga vizuri, pua ya gari inalala, mkanda unakubana kifuani. Usiguse klachi bado. Subiri. Breki ifanye kazi gari ipungue kwanza, hiki kipande cha kusubiri wengi hawakipendi. Sasa klachi chini, mkono unavuta gia, ikipita fri ubavu wa mguu unagusa mafuta, vuum fupi, gia inaingia tatu, mshale bado uko juu, klachi inapanda papo hapo. Mkanda bado unakubana kwa nguvu ileile. Kama kuna mtu amekaa pembeni yako amefumba macho, atasikia sauti ya injini imebadilika lakini kichwa chake hakitacheza. Hicho kichwa ndo kipimo cha uhakika kuliko vyote, mweke rafiki pembeni muulize yeye, wewe mwenyewe ukiwa na kazi nyingi mwilini huwezi kuhisi vizuri.

Angalia pia kwamba resi unazohitaji ni chache kuliko ile hesabu ya mwanzo, kwa sababu gari inaendelea kupungua wakati klachi iko chini. Breki ya nguvu kwenye lami kavu inaweza kuondoa kilomita 20 mpaka 28 kwa saa kila sekunde. Ukitumia nusu sekunde kubadilisha gia, ile 75 imeshakuwa 65 au chini ya hapo, na gia ya tatu sasa inataka kama 3,450 na sio 3,990. Ndo maana wanaochapa kwa mbwembwe injini ikalia mpaka juu wanaishia kujisukuma mbele kwenye kona. Mguso mdogo, klachi haraka. Ukichapa vizuri alafu ukachelewa kuachia klachi, resi zimeshashuka, umefanya kazi bure, na hili ndo kosa naliona sana kwa watu ambao mguu wa kulia umeshakuwa mzuri, kumbe tatizo limehamia mguu wa kushoto.

Ikikubali nne kwenda tatu mara nyingi mfululizo bila kufikiria, nenda tatu kwenda pili. Alafu ndo uweke kona, na gia iwe imeshaingia na klachi imeshaachiwa kabla hujakata usukani. Gia ya kwanza iache, uwiano wake ni mkubwa sana na gari nyingi hazina sababu ya kuingia gia hiyo zikiwa kwenye mwendo.

Kama unatoka gia ya tano kwenda tatu, unaweza kuruka moja kwa moja mara moja tu ukichelewa kidogo mpaka mwendo upungue, au ukapita zote moja moja. Mimi nawashauri wanaoanza waruke, breki inashikiliwa muda mrefu bila kusumbuliwa na mguu unachapa mara moja badala ya mara mbili. Kupita zote moja moja kuna faida yake, hupotezi hesabu ya uko gia gani, lakini hiyo ije baadaye.

MAKOSA NA JINSI YA KUYASOMA

Gari ikikwaruza wakati gia inaingia, mara nyingi klachi haijafika chini, kwa sababu akili iko mguu wa kulia na wa kushoto umesahaulika. Breki ikikaza ghafla kila unapochapa, unatumia paja badala ya kifundo, rudi kwenye zoezi la gari iliyosimama. Mguu ukiteleza kutoka kwenye breki, uko kushoto sana au soli imelowa, na hili likitokea acha kabisa kwa siku hiyo ukafute viatu na pedeli. Klachi ikianza kunuka, unaachia taratibu mno ukijaribu kuficha resi ambazo hazikulingana, pumzika ipoe.

Kuna watakaokuambia uunganishe na klachi mara mbili, yani klachi chini, fri, klachi juu, chapa mafuta, klachi chini tena, gia, klachi juu. Kwenye giaboksi isiyo na sinkromeshi, kama baadhi ya malori na gari za zamani sana, hiyo ni lazima maana ndo inazungusha shafti ya ndani. Kwenye gari ya kawaida yenye sinkromeshi nzima haihitajiki, jifunze kwanza hii ya klachi moja.

Sasa lile la hatari kuliko yote. Mkono ukiwa na haraka unaweza kutoka gia ya tano ukidhani unaenda ya nne ukaingia ya pili. Kwenye ileile giaboksi ya MX-5 gia ya tano ni 0.814, kwa hiyo resi 4,000 za gia ya tano ukiachia klachi kwenye ya pili zinageuka 9,200 na zaidi. Injini nyingi za petroli mstari mwekundu uko kati ya 6,000 na 7,500. Kile kifaa kinachozuia resi zisipite kinakata mafuta tu, hakiwezi kuzuia matairi yasiizungushe injini, valvu zinaweza kugongana na pistoni na injini ikafa hapohapo. Ndo maana ile subira ya kuacha breki ifanye kazi kwanza ina maana kubwa, na ndo maana mkono wa gia haushikwi kwa ngumi, unasukumwa kwa kiganja kilicholegea na springi ya giaboksi inakupeleka yenyewe katikati kati ya tatu na nne. Ukihisi gia inakataa kuingia usiilazimishe, sinkromeshi inakuambia kitu. Na kama imeingia na ukashtuka kwamba siyo yenyewe, klachi usiiachie, iache chini, endelea na breki.

Dharura ikitokea, mtoto kaingia barabarani, gari ya mbele imesimama ghafla, sahau haya yote. Breki mpaka mwisho na klachi chini, ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge) ifanye kazi yake. Hakuna kupangua gia hapo.

GARI AMBAZO ZINAKATAA

Baadhi ya gari zenye pedeli ya mafuta ya umeme zimewekewa mfumo unaokata mafuta pale breki na mafuta vinapokanyagwa pamoja, uliwekwa kwa ajili ya usalama kama pedeli ikinasa. Nyingine zinakuruhusu mguso mfupi, nyingine zinakata kabisa, utachapa na injini haitaitika hata kidogo. Ukikutana na hiyo tatizo halipo kwenye mguu wako, na nakuomba usimtafute mtu wa kuuondoa huo mfumo kwenye gari ya barabarani.

Na kuna gari ambazo zinakufanyia. Nissan 370Z ya mwaka 2009 ilikuja na mfumo wa kulinganisha resi wenyewe kwenye gari ya manyuo, unarudisha gia kompyuta inachapa mafuta, na baada yake watengenezaji wengine nao wakaweka. Nyingi zina swichi ya kuzima. Kama yako inayo, jifunze ikiwa imezimwa, ila iwashe mara moja moja usikilize inavyochapa maana inakupa sauti sahihi ya kuiga. Hata mbio kubwa ziliachana na hii kazi ya mguu zamani, Ferrari 640 ilikuja 1989 na vijiti vya gia nyuma ya usukani na Nigel Mansell akashinda nayo mbio ya kwanza tu kule Brazil, ndani ya miaka michache Formula 1 yote ikafuata. Lakini gari yenye mkono wa gia na pedeli tatu bado inakudai wewe mwenyewe, na ikikubali, kona moja imeingia bila gari kunesa popote, kuna raha pale ambayo siwezi kuielezea vizuri kwa maandishi.

Ukimaliza zoezi usiegeshe gari papo hapo. Umekanyaga breki nzito nyingi, diski ni za moto sana, zungusha gari taratibu dakika chache bila kugusa breki sana zipate upepo. Kama katikati ya zoezi pedeli ilianza kuwa laini na kuzama zaidi kuliko mwanzo, breki zimechemka, hapo acha na uziache zipoe kabisa, na kabla ya zoezi lijalo fundi aangalie mafuta ya breki. Ukifika pa kuegesha tafuta tambarare, zima injini, iache kwenye gia ya kwanza uweke jiwe kwenye tairi, handibreki utaivuta zikishapoa.